Siku Mtani Wangu Alipoteka Chakula cha Mkubwa Kisiwani

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkate wangu ukiwa bado ndani ya kichuguu, mtu wa stesheni ya Usinge alifika kambini kwa baiskeli akaniambia kwamba mjomba wangu Kasimiri amefariki huko Sikonge. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama. Mpishi anayeoka bila kutazama saa ni mchoma mkaa, na mchoma mkaa anayeijua kazi yake naye hutazama.

Vijana wangu, ninyi mnaokuja hapa Isevya kuniuliza habari za upishi wa safari, najua mlitaka nianze na mapishi. Yatakuja. Lakini kila mnaponiuliza kwa nini niliendelea kupika mahemani, na huku jiko la nyumba ya wageni ya serikali hapa Tabora lilikuwa limenifungulia mlango, nawajibu kwa mkato, nanyi mnaondoka mkidhani nilikataliwa kwa ulevi. Pombe mimi naitumia kwenye unga tu. Leo nitaeleza yote, na atakayeona msiba na mkate havikai pamoja asubiri afike mwisho.

Kwanza kichuguu. Ninyi mna majiko ya chuma yenye mlango na kishikio, na wengine nasikia mna sanduku la baridi linalowaka mafuta ya taa, jambo ambalo bado sijakubali kwamba linawezekana. Sisi tulikuwa na kichuguu. Unachagua kikubwa kilichohamwa na mchwa, unachimba tundu ubavuni upande usiopigwa na upepo, unatoboa bomba la moshi juu, unawasha kuni ndani mpaka udongo uive, kisha unakokota makaa nje, unaingiza mkate, unaziba mlango kwa bati la debe na tope. Hamira ya kopo ikifika kambini baada ya wiki mbili za jua huwa imekwisha kufa, basi unaumua unga kwa machicha ya pombe ya mtama. Wazungu walikuwa wanakula mkate wa pombe kila asubuhi na kutuhubiria juu ya ulevi kila jioni.

Neno moja tu: chunguza kama kichuguu kina mlango wa nyuma. Mimi mara ya kwanza, huko Ipole, sikuchunguza. Nilipokwisha kuziba, kenge mkubwa akatokea upande wa pili, mkia ukifuka moshi, akapita katikati ya meza ya chai na kuingia hema la bwana mmoja mpima barabara. Bwana yule alitoka upande wa pili wa hema, pale ambapo hema halikuwa na mlango. Niliposhona lile hema mjomba alikuja kunitazama, akasema nimeanza upishi vizuri, maana mwenzangu mmoja alianza kwa chatu.

Huyo ndiye mjomba Kasimiri. Ujana wake aliutumia kubeba pembe za ndovu kwa mabega kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, na kurudi na vitambaa. Misafara ilipokwisha aliingia jikoni kwa mapadri, akawapikia mpaka meno yakamtoka, yake na ya baadhi yao. Kila ninachokijua nilikipata kwake. Joto la tanuri alinifundisha kulipima kwa sala. Unaingiza mkono mtupu na kusema Salamu Maria kwa mwendo wa kawaida. Ukishindwa kufika kwenye jina la Yesu, ni joto la kuchoma nyama. Ukimaliza yote hadi Amina, ni joto la mkate. Ukimaliza na ukaanza Baba Yetu, tanuri limepoa, kalete kuni. Padri mmoja alipomkuta akisali na mkono ndani ya moto alidhani ni kitubio, akamsifu sana mbele ya watawa. Mjomba hakumsahihisha. Tuliokuwa Wakatoliki njia hii ilitufaa. Wamoraviani wa Sikonge walilazimika kutafuta yao.

Alikuwa pia mchoyo wa tumbaku, mvivu wa kuteka maji, na hodari wa kulala akiwa amesimama. Nayasema kwa sababu maalumu, mtaiona.

Mwaka ule nilikuwa mpishi wa kambi ya upimaji wa maji kwenye Ziwa Sagara, huko ambako Malagarasi unatanuka na kujisahau katika mafunjo. Bwana wetu tulimwita Bwana Kamba, maana alipima kila kitu kwa kamba, kuanzia kina cha ziwa hadi urefu wa kivuli chake. Alikuwa mtu mwema, mwoga wa wakubwa wake. Mke wangu Tekla na watoto walikuwa hapa Isevya. Niliwaona mara mbili kwa mwaka, na mara ya mwisho mtoto mdogo alikimbia ndani kumwambia mama yake kuna mgeni mlangoni. Mgeni alikuwa mimi, nimeshika kuku.

Ndipo ikasikika kwamba nyumba ya wageni ya Tabora inatafuta mpishi. Jiko la mawe, dohani ya kutolea moshi, maji ya bomba, na kulala nyumbani kila siku. Bwana Kamba aliniandikia sifa nyingi, hata za vyakula nisivyowahi kupika. Mkubwa wa idara, aliyekuwa njiani kutoka Kigoma na mkewe, akajibu kwamba sifa haziliwi: atashuka Usinge, atatazama kazi ya ziwa, atakula chakula changu mchana, na kabla ya kupanda treni ya jioni kwenda Tabora atasema ndiyo au hapana. Memsabu naye alikuwa amesoma katika barua za Bwana Kamba habari za kisiwa chenye mchanga mweupe katikati ya ziwa, kisichofikika ila kwa mashua, akataka chakula hicho kiliwe kule.

Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa na mkate, kuku wawili wa kubanika, perege wabichi wa kukaanga papo hapo, na kitamutamu cha mayai na asali ya Sikonge. Nilikuwa na kanzu nyeupe niliyoshonewa na Tekla, imepigwa pasi. Na hapo akaja yule mtu wa stesheni.

Nilimshukuru. Nikampa chai. Nikapiga hesabu kichwani: mjomba atazikwa leo saa kumi, siwezi kuwahi hata nikiruka. Treni ni moja tu, ya jioni. Basi nipike, nipate kazi, nipande treni, kisha niende Sikonge kwenye matanga nikiwa na habari njema. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Nikarudi kwenye kichuguu na kuuliza nani amechukua chumvi.

Aliyekuwa ameshika chumvi ni Kondo, fundi wa mashua, akila kiporo chake cha muhogo karibu na moto. Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuja bara na kazi za reli, na sasa alitunza injini ya mashua yetu, injini ya kufunga nyuma iliyokuwa ikiwaka kwa matusi. Alinipa chumvi. Akanitazama.

"Ludoviko, umefiwa na mjomba, nawe unauliza chumvi?"

Nikamwambia samaki hawajui kama nimefiwa. Hakujibu. Kondo alikuwa mtu wa kusema kutwa nzima, na huku kunyamaza kwake kungenistua kama ningekuwa na nafasi ya kustuka.

Labda baadhi yenu mmezaliwa mjini na hamjui utani ni nini hasa, mnadhani ni kuchekeshana tu. Babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe walipita katikati ya Uzaramo. Walipigana huko, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Atakutukana, utamtukana. Akifiwa, wewe ndiwe wa kumchimbia kaburi na kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa mpaka wacheke. Na ukifiwa wewe, mtani wako ana haki ya kuchukua chochote kilicho mikononi mwako, naye hakirudishi mpaka umkomboe. Sheria ni mbili. Huruhusiwi kukasirika. Naye haruhusiwi kukuachia bure, maana kuachia bure ni kusema marehemu wako hakuwa mtu. Katika kambi yote ile, mwendo wa siku nzima kutoka kwa mtani mwingine yeyote, mtani niliyekuwa naye ni Kondo peke yake. Kwa hiyo kazi yote ya msiba ilimwangukia yeye. Mimi nilikuwa nawaza kitamutamu.

Wageni walifika kwa lori la kambi kabla jua halijawa kali. Mkubwa alikuwa mrefu, mwenye Kiswahili cha mtihani, yaani kila neno sahihi na hakuna linalomjua mwenzake. Memsabu alikuwa na kofia pana na moyo mwepesi. Tukapanda mashua: wao wawili, Bwana Kamba, mimi na makapu yangu mawili, na Kondo nyuma kwenye injini.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, mtu akitupa jiwe kutoka upande huu anaweza kumuumiza aliye upande ule. Lakini ufukwe ni wa kweli. Mchanga laini mweupe, maji maangavu, miti michache ya kivuli, na pande zote mafunjo ya kijani mpaka macho yanachoka. Hapakuwa na nyumba wala njia wala nyayo, ila za ndege. Memsabu alivua viatu na kusema angependa kuogelea. Hapo Bwana Kamba, akitaka kuonyesha kwamba anaishi maisha ya hatari, akasimulia habari za mamba. Alisimulia vizuri mno. Memsabu akavaa viatu. Ukweli ni kwamba wavuvi walioga pale kila siku, upande ule hauna mafunjo na mamba hawaupendi, lakini mara mtu akishamsifia mamba mbele ya mkubwa wake hawezi tena kumpunguza.

Nikatandika kitambaa, nikapanga sahani, nikawasha moto wangu kwenye mafiga, nikarudi majini kuchukua kapu kubwa la chakula. Mashua haikuwepo.

Ilikuwa imesogea ndani, mbali kama kutoka mlango wa kanisa hadi altareni. Kondo alikuwa amelikalia kapu hilo, kasia mapajani, injini imezimwa.

"Fundi, lete kapu."

"Kapu gani, mtani? Hili la matanga?"

"Wageni wana njaa."

"Mimi sioni mgeni. Mimi naona mfiwa amevaa kanzu ya harusi. Amekufa mtumwa wangu Kasimiri, aliyembebea babu yangu nazi, akazeeka bila kumaliza kulipa tumbaku za watu, na mpwa wake anakaanga samaki. Leo hupiki kitu. Nimekuteka."

Mkubwa akauliza anasema nini. Bwana Kamba akamwambia injini ina matatizo kidogo. Lakini Mkubwa alikuwa amekamata neno moja, na neno hilo alilijua kutoka mtihanini. Uso ukambadilika. Akatoa kidaftari mfukoni, akanijia.

"Mtu yule amesema mtumwa. Katika nchi hii hakuna mtumwa. Je, wewe u mtumwa wake?"

"Ndiyo, Bwana," nikamjibu. "Naye ni wangu."

Akaandika la kwanza. Alipofika la pili kalamu ikasimama. Nikajaribu kumweleza utani, Bwana Kamba naye akawa anayafasiri maneno yangu kwa Kiingereza, na Mkubwa akawa anatuuliza maswali ya sheria: nani alimnunua nani, na lini. Nilipofika kwenye pembe za ndovu aliuliza pembe ziko wapi.

Huku Kondo alikuwa amefungua kapu na kukagua mateka. Akatoa mkate, akaunusa, akausifu. Akawasalimu kuku mmoja mmoja. Kisha akakuta kopo la nyama ya nguruwe, ambalo Bwana Kamba alikuwa ameliongeza kwa heshima ya wageni. Kondo ni Mwislamu. Alilitoa kwa ncha ya kasia kama mtu anayetoa nyoka ndani ya nyumba, akasogeza mashua kidogo, akalirusha mchangani.

"Hilo ni lenu," akasema. "Mimi si mnyang'anyi."

Basi tulikuwa na kopo. Kifungua kopo kilikuwa ndani ya kapu. Bwana Kamba alilipiga lile kopo kwa nyundo ya kupigilia vigingi mpaka likawa bapa kama chapati, na halikutoa hata tone. Nitasema hapa lile la kiufundi ili lisipotee: mpishi anayevuka maji hugawa vyombo vyake, na kifungua kopo hukaa mfukoni mwake, siyo kapuni. Mpaka leo changu kinakaa mfukoni, na Tekla amechoka kushona mifuko.

Jua likapanda. Kwa miguu nisingemfikia, maji pale yalinizidi kimo na mimi ni mtu wa nchi kavu. Nilianza kuukomboa mzigo wangu kama sheria inavyotaka. Nikampa kuku wangu aliyeko kambini. Akakataa, akasema kuku wa Unyamwezi ana miguu tu. Nikampa koti. Akasema atavaaje koti la mtu aliyefupishwa na mizigo. Mkubwa alitazama saa yake, na nikaona kabisa jiko la mawe na dohani yake vikisogea mbali na mimi, vikimfuata Kondo majini.

"Sema bei yako," nikamwambia.

Kondo akasimama ndani ya mashua. "Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu. Wewe utanibeba mimi. Ufukwe wote, kwenda na kurudi, kapu likiwa kichwani mwangu, na wimbo wa wapagazi."

Ningekasirika, ningekuwa nimeshindwa, na bei ingepanda. Nikajitazama: kanzu nyeupe, kofia nyeupe, mpishi mtarajiwa wa nyumba ya serikali. Nikamtazama Mkubwa na kidaftari chake. Nikapandisha kanzu nikaifunga kiunoni.

"Njoo, mzigo," nikamwambia.

Alisogeza mashua, akaruka mgongoni kwangu na kapu lake. Kondo hakuwa mwembamba. Nikashika njia. Wimbo ulikuwa ule wa mjomba, wa kuwatia wapagazi nguvu jua linapowaka, nami nikaanza kuuimba kwa sauti ya mtu anayenyongwa. Mkubwa alirudi nyuma kutupisha. Memsabu alikuwa amekaa, mikono mdomoni, mabega yakimtikisika.

Kondo huko juu akaanza kulia. Watani huigiza kilio, na yeye alikuwa bingwa. Alilia kama mjane. Akawa anamtaja marehemu kwa makosa yake, mojamoja, yale yote niliyomsimulia mimi mwenyewe mwaka mzima kandokando ya moto, nisijue kwamba anayaweka. Kasimiri, ulikuwa mchoyo wa tumbaku, nani sasa atatunyima. Kasimiri, ulilala umesimama mlangoni pa mapadri, wakadhani unalinda. Kasimiri, maji uliyatazama mtoni ukamtuma mpwa wako. Nilicheka. Nikiwa nimebeba mtu nilicheka mpaka nikayumba, na Bwana Kamba akacheka bila ruhusa.

Tulipogeuka kurudi Kondo akashusha sauti. "Kasimiri, uliyemshika mpwa wako mkono ukautia motoni, ukamwambia asiogope, sala ni fupi."

Nilikaa chini palepale mchangani, na mzigo wangu juu yangu, na kapu juu ya mzigo. Tangu saa kumi na mbili na dakika ishirini sikuwa nimelia, nilikuwa nimepiga hesabu tu. Sasa nililia kama mtoto aliyepotea sokoni. Kondo aliteremka, akaweka kapu pembeni kwa uangalifu, akanishika kichwa, akanikandamiza begani kwake.

"Haya," akasema. "Sasa umefiwa."

Memsabu alikuja na kikombe cha maji, akapiga magoti mchangani, akauliza ni nani amekufa. Nilimwambia ni mtu aliyenifundisha mkate. Mkubwa alifunga kidaftari. Aliniambia pole, na hilo neno, sijui nani alimfundisha, alilisema sawasawa.

Kisha nikapika. Msidhani nilikunja mikono. Kondo alileta kuni bila kuambiwa, nami niliwakaanga wale perege mpaka mapezi yakakauka kama majani makavu, nikakata mkate, kuku wakapashwa moto. Nilipakua macho yakiwa mekundu, na hakuna aliyenitazama usoni. Walikula kwenye mchanga ule, maji yakigusa miguu ya kiti, na baada ya kitamutamu Memsabu alivua tena viatu akatembea majini mpaka magotini. Bwana Kamba hakutaja mamba. Mkubwa alikula samaki watatu na kuifuta sahani kwa kipande cha mkate, jambo ambalo wao hukatazana.

Akaniita.

"Kazi ni yako," akasema. "Kesho mchana nina wageni kumi katika nyumba ile. Utapanda nasi treni leo, na asubuhi utaingia jikoni."

Vijana, hili ndilo mlilokuwa mkiniuliza. Jiko la mawe. Tekla. Mtoto anayeniita mgeni. Kama angeliniambia vile saa mbili asubuhi, ningempigia saluti na nyama mkononi. Hata sasa mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo. Nikamwambia, "Bwana, nashukuru. Kesho niko Sikonge kwenye matanga. Nipe siku tatu, nitakuja."

"Wageni wangu hawana siku tatu. Kesho, au nitamchukua mwingine."

Kondo alikuwa anafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Hakugeuka. Nilisubiri aseme kitu, hata tusi, nipate pa kushika. Akaendelea na kamba yake.

"Basi, Bwana," nikasema, "mchukue huyo mwingine."

Mkubwa hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekosa hesabu rahisi na hajui wapi. Akaniambia mkate ulikuwa mzuri sana, nami nikamshukuru, tukapanda mashua. Katikati ya ziwa injini ikazimika yenyewe, safari hii kweli, na Mkubwa akamwangalia Kondo kwa wasiwasi mkubwa, akauliza ni nani tena amekufa.

Jioni ile tulisafiri treni moja, wao mbele na mimi nyuma kwenye daraja la tatu, kati ya mama mwenye mabata na mzee aliyebeba chumvi ya Uvinza. Kondo alinisindikiza stesheni. Hakunipa mkono wala rambirambi. Alisema niwasalimie watumwa wake wote wa Sikonge, na kama wamekwisha kumzika Kasimiri vibaya, atakuja mwenyewe kumfukua.

Nilifika Isevya kabla ya mapambazuko. Nilimweleza Tekla yote tukiwa tumesimama mlangoni, nisiache kitu. Kisha akauliza kama ni kweli nilimbeba Mzaramo nikiwa nimevaa kanzu aliyoishona kwa macho yake. Nikasema ni kweli. Akaigeuza kanzu, akautazama mgongo, akaona alama mbili za grisi za mikono ya fundi.

"Hizi hazitoki," akasema. Akaingia ndani, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka na khanga ya msiba. "Toa baiskeli, twende. Barabara ya Sikonge ni mchanga mtupu."

Tulikuta wamemzika vizuri. Watani wa kule walikuwa wamekwisha kuchukua kigoda chake, chungu chake na mfuko wake wa tumbaku, na mjane wake alikuwa anavikomboa kimoja kimoja, akicheka na machozi kidevuni. Nilikaa siku zote za matanga. Niliwaokea mkate wa kichuguu, na tanuri nilipima kwa mkono.

Aliyepata kazi ya Tabora alikuwa kijana kutoka Nzega, mpishi mzuri wa wali na adui wa mkate. Walimvumilia mwaka mmoja na miezi kumi na mmoja, kisha Bwana Kamba akaniandikia tena sifa, fupi zaidi na za kweli, nikaingia katika jiko lile la mawe na kukaa mpaka nilipostaafu. Mtoto alikuwa ameshakoma kuniita mgeni. Alianza kuniita mzee.

Mshahara wa Tabora ulizidi wa kambini kwa shilingi kumi na tano kila mwezi. Mimi ni mtu wa hesabu, nikaipiga, nikarudia, nikapata kwamba ufukwe ule ulinigharimu shilingi mia tatu arobaini na tano. Kondo alipokuja Tabora kununua vipuri nilimwonyesha hesabu hiyo nikitarajia aone haya kidogo. Aliisoma kwa makini, akaikubali, akasema hasara ya watani ni ya wote wawili, kwa hiyo nusu ya fedha nilizopoteza ilikuwa mali yake, nami lazima nimlipe. Na tangu siku ile, kila tulipokutana, kabla hata ya salamu, alinidai shilingi mia moja sabini na mbili na senti hamsini.